Usipime Akili ya Mwenzako kwa Imani Yake



Juma lililopita darasa langu la kidato cha tatu lilifanya mdahalo. Mada waliichagua wenyewe: kwamba kadiri mtu anavyoelimika, ndivyo anavyopaswa kuiacha dini. Nilikaa nyuma ya darasa nikiandika makosa ya upatanisho wa kisarufi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha mvulana mmoja, hodari wa fizikia, akasimama na kusema kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuamini asichokiona, na kwamba wenzake wanaokwenda kwenye maombi kila Ijumaa jioni ni watu ambao ubongo wao umelala. Msichana mmoja mlokole akamjibu papo hapo kwamba asiyemwamini Mungu ndiye asiye na akili, kwa kuwa hata mbuzi humjua mwenye zizi. Darasa likaangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho nikamwona mwanafunzi wa tatu, ambaye ukoo wake unafuata dini ya jadi, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemtaja. Hakuhitaji kutajwa, kwa sababu kwa pande zote mbili za mdahalo ule yeye alikuwa mjinga.

Niliwapa alama zao za lugha nikarudi nyumbani na uchungu. Sarufi ilikuwa safi, lakini hoja zilikuwa mbovu. Wazungumzaji wale wawili, waliodhani wanapingana, walikuwa wamesema jambo lilelile. Kila mmoja alichukua kitu kimoja cha mwenzake, yaani kuamini kwake au kutoamini kwake, akakifanya rula ya kupimia kichwa. Makala haya ninayaandika ili kuivunja rula hiyo. Dai langu ni kwamba imani ya mtu haikuambii akili yake ni kubwa au ndogo kiasi gani. Na anayeng'ang'ania kwamba inakuambia, mara nyingi hatafuti kupima akili. Anatafuta ruhusa ya kutomsikiliza mwenzake.

Maneno yenyewe yanasemaje

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na maneno. Akili, imani, elimu na dini ni maneno manne yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Wasemaji wa pwani waliyapokea yote wakayaweka katika nyumba moja, wala hawakuona kwamba yatapigana. Neno akili lina mzizi mmoja na neno la Kiarabu la kamba ya kumfungia ngamia asipotee. Kwa asili yake, basi, akili ni kile kinachomzuia mtu asikimbilie kila jambo.

Neno imani nalo lina upana ambao wanafunzi wengi hawaujui. Mswahili akisema kwamba fulani hana imani, anaweza kuwa na maana kwamba mtu huyo haamini. Lakini mara nyingi ana maana kwamba mtu huyo ni katili, hana huruma. Mama mwenye imani ni mama mwenye moyo wa kuhurumia. Kwa hiyo mtu anaweza kusali usiku kucha na bado majirani wakasema hana imani, na anaweza asiende kanisani wala msikitini na wakasema ni mtu mwenye imani sana. Lugha ilikwisha kuona jambo ambalo wanamdahalo wangu hawakuliona.

Zitazame pia methali. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii haisemi kwamba nywele za waumini ni nyingi kuliko za wengine. Inasema kila mtu. Na ipo nyingine inayowafaa wale wanaojisifu kwa werevu: akili nyingi huondoa maarifa. Wahenga waliwajua watu wanaojiona wana akili mno hata wakaacha kujifunza.

Rula ya zamani na rula ya leo

Huenda ukadhani kwamba kupima akili kwa imani ni jambo la vijana wa leo. Sivyo. Katika nchi yetu rula hii ni ya zamani. Kilichobadilika ni upande unaoishika.

Mwulize Mganda maana ya kitenzi okusoma. Atakuambia ni kusoma kitabu. Na pia ni kwenda kusali. Watu wa kwanza wa Buganda walioshika dini zilizokuja na vitabu waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kwao kuamini na kusoma vilipitia mlango mmoja. Ulijifunza herufi ili usome maandiko, na ukisoma maandiko ulihesabiwa mtu aliyeelimika. Kwa hiyo aliyebaki nje ya dini alihesabiwa pia kuwa nje ya akili. Kiswahili cha pwani kilikuwa na maneno yake kwa mtu kama huyo. Kafiri alikuwa asiyeamini. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na dini ya pwani wala desturi za mji, na leo neno hilo ni tusi kwa mtu yeyote. Babu zetu wengi waliitwa hivyo na watu ambao hawakujua hata sentensi moja ya lugha zao.

Je, wasomaji hao walionyesha hekima kuliko wasiosoma? Kati ya mwaka 1888 na 1892 Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda, wote wasomaji, walipigana vita vya kugombea madaraka, na damu nyingi ikamwagika. Kila upande ulikuwa na kitabu. Simdharau yeyote kati yao. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokubali kufa kwa ajili ya dhamiri zao, na kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka wafia dini kule Namugongo. Nasema tu kwamba ule udhanifu, kwamba aliyeamini na kusoma ndiye mwenye akili, haukuwazuia wasichinjane.

Leo rula imegeuzwa. Sasa yupo kijana aliyesoma vitabu vitatu na kutazama video ishirini, naye anamwita nyanya yake mjinga kwa sababu anashika rozari. Kijana huyo anajiona mpya. Mimi namwona ni mjukuu halisi wa wale waliomwita babu yake mshenzi.

Takwimu zinasema nini

Najua mtakachoniambia ninyi wapenzi wa sayansi: "Mwalimu, utafiti umethibitisha." Ni kweli utafiti upo, nami sitauficha. Mwaka 2013 Miron Zuckerman wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, pamoja na wenzake wawili, walikusanya tafiti 63 zilizolinganisha alama za majaribio ya akili na kiwango cha udini. Walipozijumlisha walipata uhusiano hasi: kwa wastani, waliopata alama za juu zaidi walikuwa na udini mdogo kidogo. Mwaka 2020 waliirudia kazi hiyo kwa tafiti 83, na matokeo yakawa ya aina ileile.

Lakini msomaji makini haishii kwenye kichwa cha habari. Kwanza, kisome kipimo chenyewe. Wataalamu wa takwimu huupima uhusiano kwa namba inayoanzia 0, pasipo na uhusiano wowote, hadi 1 au hasi 1, ambapo ukikijua kitu kimoja umekijua na cha pili. Namba ya mwaka 2013 ilikuwa hasi 0.24. Izidishe namba hiyo kwa yenyewe, utapata karibu 0.06. Maana yake ni kwamba, katika tofauti zote za udini zilizoonekana miongoni mwa watu waliopimwa, ni asilimia 6 hivi tu inayokwenda sambamba na alama za majaribio. Asilimia 94 iliyobaki haielezwi na alama hizo hata kidogo. Ukikutana na mtu mmoja njiani, ukajua kwamba anaswali mara tano kwa siku, takwimu hii haikupi haki ya kusema lolote juu ya akili yake. Wastani wa umati si picha ya mtu.

Pili, tazama ni nani waliopimwa. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanyika Marekani na katika nchi nyingine za Magharibi, na watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba matokeo yasichukuliwe kuwa ya dunia nzima. Miongoni mwa maelezo waliyoyatoa ni kwamba wenye alama za juu huenda ni wepesi zaidi wa kwenda kinyume cha mkumbo. Lifikirie hilo. Ikiwa ndivyo, basi penye waumini wengi mkaidi ataiacha dini. Na penye wasioamini wengi, mkaidi huyohuyo huenda akaishika. Hapo kinachopimwa kwa sehemu ni ujasiri wa kutofautiana na jirani. Ukweli au uongo wa dini haumo katika hesabu hiyo.

Tatu, lichunguze jaribio la akili lenyewe. Mwaka 1905, nchini Ufaransa, Alfred Binet na Theodore Simon walitunga jaribio la kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Binet hakutaka lichukuliwe kuwa kipimo cha akili ambayo mtu amezaliwa nayo na haibadiliki. Na kweli hubadilika. Wapo watafiti waliolinganisha watoto wa vijijini huko Embu, nchini Kenya, wenye umri wa miaka saba hivi, waliopimwa mwaka 1984, na watoto wa umri huohuo wa eneo hilohilo waliopimwa mwaka 1998. Katika miaka 14 tu alama zilikuwa zimepanda sana. Watafiti walipotafuta sababu waliangalia chakula na afya ya watoto, kusoma na kuandika kwa wazazi, na mabadiliko katika familia. Makanisa ya Embu hayakufungwa katika miaka hiyo. Watoto walikula vizuri zaidi, na wazazi wao walikuwa wamekwenda shule zaidi.

Na hapa kwetu, katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Mallory Wober aliwauliza Waganda wanaelewa nini kwa neno obugezi, ambalo tungelitafsiri kuwa akili. Watu wa vijijini walilihusisha na uangalifu, utulivu na mwendo wa polepole. Linganisha na jaribio la darasani ambalo anayemaliza haraka ndiye mshindi! Mzee ambaye kwa kijiji ndiye mwenye obugezi wa kuamua kesi ya shamba anaweza kushindwa jaribio la dakika 20. Je, tuseme hana akili, au tuseme jaribio halikumuuliza anachokijua?

Wanasayansi wa tuzo moja

Ikiwa takwimu zimekuchosha, nitakupa kisa kimoja. Mwaka 1979 Tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa watu watatu: Sheldon Glashow na Steven Weinberg wa Marekani, na Abdus Salam wa Pakistan. Weinberg na Salam, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamefikia nadharia moja inayoonyesha kwamba nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya kiini cha atomu zina asili moja. Weinberg hakuwa na dini, na aliikosoa dini waziwazi maisha yake yote. Salam alikuwa Mwislamu mcha Mungu, na katika karamu ya Nobel alitaja aya za Kurani. Hesabu zao zilikutana palepale. Yule mvulana wangu wa fizikia angemwambia nini Salam, kwamba ubongo wake umelala? Na yule msichana wangu angemwambia nini Weinberg?

Wala Salam si pekee. Georges Lemaître alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji. Mwaka 1927 alichapisha hoja kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutokana na kitu kimoja kidogo mno. Fred Hoyle, mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza ambaye hakuwa mtu wa dini, aliipinga nadharia hiyo kwa miaka mingi. Ushahidi ulikuja kumuunga mkono padre. Tafadhali usikosee hapa: Lemaître hakuwa sahihi kwa sababu ya upadre wake, na Hoyle hakukosea kwa sababu ya kutoamini kwake. Ushahidi ndio ulioamua, na ushahidi haukuwauliza dini zao.

Kisa cha Salam kina mwisho mchungu unaotuhusu sisi raia. Alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya, na mwaka 1974 Pakistan ilibadili katiba yake ikaitangaza jumuiya hiyo kuwa si ya Waislamu. Alipofariki mwaka 1996 alizikwa nyumbani kwao, na jiwe la kaburi lake lilimtaja kuwa Mwislamu wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel. Neno Mwislamu likafutwa kwenye jiwe hilo. Nchi iliyomzaa mtu mwenye kichwa kama kile ilishughulika na kuikagua imani yake. Hivyo ndivyo inavyokuwa rula hii inapotoka darasani na kuingia bungeni.

Usishangilie mapema

Wewe uliye muumini, huenda umefurahi hadi hapa. Ngoja kwanza. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, kusini magharibi mwa nchi yetu, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Baadaye makaburi mengine ya pamoja yalipatikana katika nyumba za kundi hilo. Walikuwamo watoto wengi. Watu hupenda kusema kwamba waliokufa walikuwa wajinga. Lakini miongoni mwa viongozi wa kundi hilo alikuwamo Joseph Kibweteere, aliyepata kuwa mwalimu na mwanasiasa, na padre Dominic Kataribabo, aliyesoma hadi Marekani. Shule haikuwakinga. Kichwa kilichojaa vyeti kinaweza kumwongoza mtu motoni kama kichwa kitupu, ikiwa hakuna anayeruhusiwa kuuliza swali.

Nawe usiyeamini, usinyooshe kidole. Umoja wa Kisovyeti ulifundisha shuleni kwamba dini ni upumbavu na kwamba dola inaongozwa na sayansi. Katika dola hiyohiyo Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyependwa na watawala, aliikataa elimu ya jenetiki, na mwaka 1948 elimu hiyo ikapigwa marufuku rasmi. Nikolai Vavilov, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mbegu duniani, alikuwa amekwisha kufa gerezani mwaka 1943. Hapakuwa na kasisi wala shehe wa kulaumiwa. Palikuwa na fundisho ambalo haliruhusiwi kuulizwa, kama kule Kanungu.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Ukitaka kujua kama akili ya mtu inafanya kazi, usimuulize kama anaamini. Muulize: ni jambo gani lingekufanya ubadili mawazo? Ulilibadili lini mara ya mwisho wazo ulilolipenda? Unaweza kuieleza hoja ya mpinzani wako kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikubali? Maswali hayo muumini anaweza kuyajibu vizuri au vibaya, na asiyeamini vilevile. Akili haionekani katika kile mtu anachokishika peke yake. Inaonekana zaidi katika namna anavyokishika.

"Lakini Mwalimu," utaniuliza, "je, tukae kimya hata imani inapodhuru?" La, hasha. Yapo mahubiri yanayowaambia wagonjwa waache dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuwa wamekwisha kuombewa. Mafundisho hayo huua, na kila raia ana wajibu wa kuyapinga. Ila yapinge kwa hoja. Mwonyeshe ndugu yako majibu ya vipimo, mpeleke kwa muuguzi anayemwamini, mtafute kiongozi wa dini yake anayemeza dawa na kusali pia, maana wapo. Ukimwita mjinga atakukimbia, na atakimbilia kwa huyohuyo aliyemdanganya, ambaye angalau humwita ndugu. Kumtukana mtu kichwa chake ni njia ya mkato inayompoteza unayetaka kumwokoa.

Kosa langu mwenyewe

Msidhani ninasema haya kama mtu asiye na doa. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nikiwa nimetoka chuoni na stashahada yangu mpya, mwanafunzi mmoja aliandika katika insha yake kwamba haamini kuwa Mungu yupo. Insha ilikuwa nzuri. Aliandika juu ya ugonjwa wa mama yake, maombi yaliyofanywa nyumbani kwao kwa miezi mingi, na mazishi. Mimi, badala ya kusahihisha sarufi na kuonana naye faraghani, niliisoma sentensi ile mbele ya darasa zima, kisha nikamjibu kwa aya ya Zaburi inayomwita mtu wa namna hiyo mpumbavu. Darasa lilicheka kama lilivyocheka juma lililopita. Kijana yule hakuinua tena mkono katika kipindi changu hadi mwisho wa mwaka. Insha zake zilizofuata zilikuwa za ukurasa mmoja, hazina kosa, hazina kitu.

Nilikuwa na maandiko, nilikuwa na cheti, nilikuwa na chaki. Yeye alikuwa na swali la mtu aliyefiwa. Sasa niambie, msomaji, siku ile ni nani kati yetu wawili aliyekosa akili? Na kwa maana ile nyingine ya Kiswahili, ni nani aliyekosa imani?

Raia na jirani yake

Katiba yetu ya mwaka 1995 inasema katika ibara ya 7 kwamba Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 21 inakataza ubaguzi, ukiwamo ule wa kidini. Ibara ya 29 inalinda uhuru wa mawazo, dhamiri na imani, na inautaja hata uhuru wa kitaaluma katika taasisi za elimu. Ibara hizi hazikuandikwa kwa ajili ya Wakristo au Waislamu tu; ziliandikwa pia kwa ajili ya yule mwanafunzi wangu wa dini ya jadi aliyeinamisha kichwa, na kwa ajili ya yule wa insha. Lakini katiba haiwezi kukaa kwenye dawati la nyuma na kuzuia kicheko. Kazi hiyo ni yetu.

Mwenye kupiga kura anakaa na jirani ambaye hasali kama yeye. Watachimba kisima pamoja, watachagua mwenyekiti wa kijiji pamoja, watazikana. Ukishaamua kwamba jirani yako hana akili kwa sababu ya anachokiamini, hutamsikiliza hata anapokuambia kwamba bomba la maji limepasuka. Jamii zinazoporomoka huanza hivyo: kwa watu kuacha kusikilizana, kila mmoja akiwa na hakika kwamba upande wa pili ni wa wapumbavu.

Jumatatu ijayo darasa langu litaurudia mdahalo uleule, kwa sharti moja. Yule mvulana wa fizikia atatetea dini, na yule msichana mlokole atawatetea wasioamini. Kabla ya kusema neno, kila mmoja atamtembelea mtu mmoja wa upande huo na kumsikiliza kwa nusu saa bila kumkatiza. Mwanafunzi wa tatu nimemwomba awe mwenyekiti wa mdahalo. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama mwenyekiti anaruhusiwa naye kuuliza maswali. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza maana mbili za neno imani katika Kiswahili, kisha tunga sentensi mbili zinazozitofautisha.
2. Mwandishi anadai kwamba wastani wa umati si picha ya mtu. Je, unakubaliana naye? Toa mfano kutoka katika maisha yako.
3. Chagua jambo moja unaloliamini sana. Andika aya moja ukieleza ni ushahidi gani ungekufanya ubadili mawazo.